Super Cub ya skeli ya robo: plastiki ya pasi, kitambaa cha Oratex au bitana na rangi?

Rubani wa Chini (Ngong)

Wakuu, habari za humu. Huu ni mwezi wa 14 najenga modeli ya kurusha kwa rimoti ya Piper PA-18 Super Cub, skeli ya robo (robo ya vipimo vya ndege halisi), zile ndege ambazo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulindia wanyama kule Tsavo. Bawa ni mita 2.69 kutoka ncha hadi ncha, eneo lake mita moja ya mraba na ushee kidogo. Kiunzi ni balsa na plaiwudi ya birch, injini ya petroli cc 35. Jana nimemaliza kupiga msasa. Mifupa yote imelala kwenye meza ya chakula na mama watoto ameanza kuniuliza maswali.

Nimekwama kwenye ngozi. Nina njia tatu kichwani:

– Plastiki ya pasi (Oracover). Ninazo roli mbili tayari.
– Kitambaa cha pasi chenye rangi yake (Oratex).
– Bitana ya polista ya duka la vitambaa, gundi, vanishi ya maji, halafu rangi.

Nataka ndege nzima isizidi kilo 7.5. Aliyewahi kufanya njia mbili kati ya hizi kwa mikono yake aniambie ukweli. Video nimeshaangalia mpaka macho yakauma.

Kijana wa Povu (Dar)

Mkuu, miezi 14? Povu la XPS (lile gumu la mabamba), kisu cha moto, utepe wa rangi, wiki mbili uko hewani. Ikianguka unakata nyingine.

Rubani wa Chini

Kijana, heshima yako. Ila mita 2.69 ya povu na petroli cc 35 sitaki kusimama karibu nayo.

Mwanamvua (Mombasa)

Mimi nimefanya plastiki na bitana, Oratex sijaigusa. Nianze na plastiki.

Ni nyepesi, ni safi, jioni mbili bawa limekwisha. Shida yangu ni huku kwetu. Nilifunika ndege ya mita mbili kwa bluu iliyokolea, nikaiacha kwenye gari saa moja tu wakati wa kuswali Ijumaa. Niliporudi imelegea kama ngozi ya embe lililolala. Unaipiga pasi tena inajikaza, ndiyo, lakini kila ukiikaza unavuta mbavu upya, na mara ya tatu bawa langu la kulia lilikuwa limejipinda. Rangi nyeupe au njano haina usumbufu huo sana kwa sababu hainywi jua.

La pili ni petroli. Moshi wa injini unatoka na mafuta ya two-stroke (oili inayochanganywa na petroli), unatembea chini ya tumbo la ndege na kutafuta kila mshono. Ukingo wa plastiki ukiinuka kidogo tu, mafuta yanaingia chini na gundi inaachia. Ukichagua plastiki, pitisha vanishi nyembamba kwa brashi kwenye mishono yote ya pua na tumbo, na paka ukuta wa injini epoksi ndani na nje kabla ya chochote.

Zaidi ya yote, Super Cub inayong'aa kama mfuko wa nailoni si Super Cub. Ile ndege halisi ni mirija ya chuma iliyovikwa kitambaa.

Leipzig Mswahili

Naishi mji ambako Oracover na Oratex zinatengenezwa, kiwanda ni kimoja, kwa hiyo nikipendelea mnisamehe. Nimetumia zote mbili.

Hesabu za uzito: Oracover ni takriban gramu 65 kwa mita ya mraba, Oratex ni kama 100. Ndege yako, juu na chini ya bawa, mwili na mkia, itakula takriban mita za mraba 3.5. Kwa hiyo plastiki ni gramu 230, Oratex gramu 350. Tofauti ni gramu 120 kwenye ndege ya kilo saba na nusu. Kwa sura na uimara unaopata, mimi silii.

Oratex unaipiga pasi kama plastiki, gundi iko mgongoni tayari, na uzi wa kitambaa unaonekana. Haichaniki ovyo. Ila haivutiki kuzunguka kona kali kama plastiki inavyokubali, kwa hiyo ncha za bawa zitakutoa jasho. Ubaya mkubwa kwenu ni bei na usafiri. Roli ndefu kwenye ndege ni mzigo wa ajabu, nimewahi kuulizwa uwanja wa ndege kama ni kapeti. Solartex ambayo wazee wengi walizoea imeshaacha kutengenezwa, msiitafute.

Fundi Mstaafu (Arusha)

Nimesoma. Nilifanya kazi ya kuvika ndege kubwa kitambaa miaka mingi, modeli ni starehe ya uzeeni. Nitaandika kirefu, mtanivumilia.

Bitana inafaa, tena sana, lakini uhakikishe ni polista tupu. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Polista inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Ukipata jivu rudi dukani, kwa sababu pamba haijikazi kwa joto, utapiga pasi hadi kesho.

Utaratibu: paka gundi kwenye kiunzi, si kwenye kitambaa. Acha ikauke kabisa, laza kitambaa, pitisha pasi ya moto wa wastani kwenye kingo tu. Ndipo ukaze katikati. Kwenye ndege kubwa tunapandisha joto kwa hatua, kwanza takriban nyuzi 120, halafu tunamalizia 177. Wewe usifike huko. Mbavu za balsa za milimita tatu hazina ubishi na polista, zitainama kuelekeana kama watu wanaonong'onezana. Ishia karibu 130, na pasi ipite juu, kisha chini, kisha juu. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili umeshajenga parafujo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Super Cub inataka ukingo wa nyuma wa ncha ya bawa uwe umeinuliwa digrii mbili hadi tatu, ili ncha ziwe za mwisho kuishiwa mbebo (nguvu ya hewa inayoinua bawa) unapotua polepole. Kiunzi kinaweza kuwa na mwinuko huo na kitambaa kikaufuta. Funga bawa mezani na vipande vya mbao chini ya ncha, kaza kitambaa likiwa limefungwa, na uliache limefungwa mpaka vanishi ya kwanza ikauke usiku kucha. Haya ni kwa njia zote tatu, hata plastiki.

Kwenye ndege kubwa, baada ya kuziba kitambaa tunapiga tabaka za fedha, ule unga wa alumini, kuzuia jua lisioze polista. Watu wa modeli wanaiga hilo bila kujiuliza. Ndege yako inalala ndani ya nyumba. Ruka tabaka hilo, umeokoa uzito mwingi.

Rangi: fundi wa magari atakushawishi upige 2K, ile rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha). Inang'aa, haiogopi petroli, lakini juu ya kitambaa inapasuka kama haijachanganywa kilainishi, na ile hadina yake ina sumu ya kupumua. Kitambaa cha mdomoni hakizuii kitu. Kama huna barakoa ya kemikali yenye vichujio vipya, tumia rangi ya maji.

Mwanamvua

Fundi, shikamoo. Naongezea kuhusu hali ya hewa. Dopu ya zamani (ile vanishi ya kukaza kitambaa cha ndege) nimeijaribu mwezi wa nne hapa Mombasa, ikageuka nyeupe kama maziwa ikiwa bado haijakauka. Unyevu wa hewa unanasa ndani. Tangu hapo ni vanishi ya maji tu, na napaka saa nne hadi saa nane mchana.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Ndiyo, dopu na pwani ni maji na mafuta. Pia inawaka haraka mno, sishauri mtu apake sebuleni.

Rubani wa Chini

Asanteni, huu uzi umeshanilipa. Lakini Leipzig ametaja uzito kama jumla, na mimi hofu yangu ni mahali uzito unapokaa. Cub ina pua fupi. Mkia wangu uko mbali na kitovu cha mizani karibu mara tatu ya umbali wa injini. Eneo la mkia, pande zote, nimepima mita za mraba 0.42. Plastiki hapo ni gramu 27. Bitana yenye tabaka zote ni kama 63. Gramu 36 za ziada mkiani nitazilipa kwa zaidi ya gramu 100 za risasi (madini mazito ya kusawazisha) puani.

Na Ngong tuko karibu mita 1,900. Hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko Mombasa, injini inapoteza kiasi hichohicho, na kasi ya kutua inapanda kama asilimia 10. Kila gramu hapa nailipa mara mbili.

Sevo Moja (Kampala)

Weka injini ya umeme basi, haijali mwinuko.

Rubani wa Chini

Injini haijali, propela inajali. Na betri za kuinua kilo saba dakika 15 zinanunua petroli ya mwaka. Turudi kwenye ngozi tafadhali.

Leipzig Mswahili

Kuhusu mkia umenishinda, nakubali. Wengine huku hufunika mkia kwa plastiki na bawa kwa Oratex ya rangi ileile. Ukisimama mita tano huoni. Ukisogea unaona, na jua likipiga unaona zaidi.

Fundi Mstaafu

Usichanganye. Tumia bitana kote, ila mkiani punguza tabaka: vanishi mbili nyembamba, rangi moja ya kupuliza, basi. Tabaka nene zinahitajika puani na tumboni tu, kwenye mafuta. Hakuna sheria kwamba ndege nzima ivae koti moja.

Rubani wa Chini

Wiki tatu baadaye, mrejesho. Nilitengeneza fremu tatu za balsa, sentimita 30 kwa 30, nikazivika na kuzipima kwa mizani ya jikoni. Plastiki imeongeza gramu 6. Bitana ya tabaka kamili, gramu 14. Bitana ya Fundi, vanishi mbili na rangi moja, gramu 11. Bitana ya kwanza niliyonunua mjini niliichoma kwa kiberiti ikaacha jivu, muuzaji alikuwa ameniapia ni polista. Ya duka la pili iliacha kishanga.

Fremu nilizianika juani siku nne. Plastiki ililegea pembeni mara moja, bitana haikutikisika. Nikazimwagia petroli yenye mafuta. Tabaka kamili haikujali. Ile nyembamba ilibaki na doa lakini haikulainika.

Nimeamua bitana kote: kamili puani na tumboni, nyembamba kwenye bawa na mkia. Mkia umeshakamilika, kilichoongezeka ni gramu 49. Kitovu cha mizani nakilenga sentimita 11 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, na kwa sasa nahitaji risasi gramu 140 puani, kabla sijahamishia mbele betri ya sevo (mota ndogo za usukani). Roli mbili za plastiki anayezitaka aje Ngong azichukue.

Kesho bawa la kushoto. Meza ya chakula nimenyang'anywa rasmi, nimepewa nyingine nje, chini ya mparachichi.

Fundi Mstaafu

Usipake vanishi nje. Upepo na vumbi la Ngong nalijua, utapata bawa la msasa. Omba meza kwa usiku mmoja zaidi.

Kijana wa Povu

Hizo roli mbili nazitaka mimi.