Likizo ya Hawaii na watoto pamoja na bibi yao, hizi sheria za kipimo na chanjo ya corona zanichanganya. Naombeni ushauri

Binti Kisauni (3 Septemba 2021)

Asalaam aleikum ndugu zangu na habari zenu wote. Twaishi Dallas, na kwa muda mrefu tulikuwa tumepanga safari ya Honolulu, tiketi tushakata za Jumatatu tarehe 4 Oktoba, Dallas mpaka Los Angeles halafu hapo twaunganisha ndege ya Honolulu. Mimi na mume wangu tumechanjwa Pfizer hapa hapa Marekani, kadi za chanjo za CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) tunazo. Mamangu yuko nasi, amekuja kutoka Mombasa na yeye alichanjwa huko Kenya AstraZeneca dozi zote mbili na cheti anacho. Watoto ni watatu, wa miaka 13, wa 8 na wa 4, wote hawajachanjwa.

Sasa nasoma Safe Travels, ile tovuti ya serikali ya Hawaii ya kuandikisha wasafiri, hadi kichwa chauma. Nani apimwe na nani asipimwe ili tusiwekwe karantini? Zile saa 72 za kupima kabla ya safari zinahesabiwa kutoka lini? Cheti cha mama kitakubaliwa ama la? Na juu ya hayo nimesikia gavana wao amewaambia wageni wasije kwanza. Mama arudi nyumbani Desemba na sijui lini tena nitampata tukiwa pamoja na wajukuu wake hivi, nataka safari hii iende vizuri. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

NesiMkongwe

Pole dada, nikueleze taratibu.

Wewe na mumeo mko sawa. Tangu tarehe 8 Julai mtu aliyechanjwa ndani ya Marekani akishafika siku ya 15 baada ya dozi ya mwisho hapimwi, anapakia tu kadi yake kwenye akaunti ya Safe Travels na kusaini kwamba ni ya kweli, na kadi yenyewe aibebe mkononi. Wa miaka 4 pia hana shida, walio chini ya miaka 5 hawapimwi. Wa 8 na wa 13 lazima wapimwe. Na mama naye apimwe, maana hiyo ruhusa ni ya waliochanjwa Marekani na maeneo yake tu, cha Kenya hawakihesabu hata kama dozi zimekamilika. Najua inauma kwa sababu AstraZeneca ni chanjo nzuri na WHO imeipitisha, lakini pale uwanja wa ndege hakuna wa kubishana naye. Tafadhali usimpeleke akachanjwe upya kwa ajili ya likizo, CDC wenyewe wanasema aliyemaliza chanjo iliyoorodheshwa na WHO hahitaji kurudia. Apimwe tu yaishe.

Kipimo chenyewe kiwe cha aina ya NAAT, yaani PCR au jamaa zake, kile cha haraka cha antijeni hakikubaliwi kabisa. Na kifanywe na mojawapo ya wale washirika walioorodheshwa na Hawaii, Walgreens na CVS wamo, ila uhakikishe unachagua kile cha wasafiri wa Hawaii na uangalie tawi lako linapima watoto wa umri gani. Ukipima sehemu nyingine hata kama ni hospitali kubwa namna gani hiyo karatasi haitakusaidia.

Saa 72 sasa, hapa ndo watu wengi wanaumia. Zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka muda ambao ndege ya MWISHO imepangwa kuondoka, yaani ile ya Los Angeles, sio ya Dallas. Tuseme inaondoka saa sita mchana Jumatatu saa za LA, basi mapema kabisa unayoweza kupima ni Ijumaa saa nane mchana kwa saa za Dallas, maana Dallas iko mbele saa mbili. Ukipima Ijumaa asubuhi kabla ya kazi ushaharibu. Halafu ona, Ijumaa mchana mpaka Jumatatu ni wikendi yote na maabara nyingi wikendi zinasuasua, na majibu lazima yawe yameingia kwenye akaunti kabla hamjapanda hiyo ndege ya mwisho. Mimi hiyo Jumatatu yako ndo inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine.

Baba Imani

Nesi kasema kweli kabisa, msikilize. Sisi tulienda mwezi wa saba, mimi na mama Imani tumechanjwa, Imani ana miaka 9 tukampima kwenye duka moja la dawa hapa kwetu wakasema majibu kesho, kesho ikapita, tukapanda ndege tukijipa moyo kwamba yatatokea tu. Yakatokea kweli, hana corona, lakini yalitokea sisi tukiwa juu ya bahari. Haikusaidia kitu, mtoto akaandikiwa karantini siku 10. Sisi wazazi tulikuwa huru ila mtoto wa miaka 9 utamwacha na nani chumbani? Ikawa tunapokezana, mmoja yuko na mtoto ndani mwingine anazunguka peke yake bila raha, na kila siku unajaza ile fomu ya kuonyesha bado yupo. Bwawa la kuogelea analiona dirishani tu, alilia sana. Tukarudi nyumbani kabla hata hizo siku hazijaisha.

Kwa hiyo dada majibu yasipofika msipande. Bora mlale Los Angeles na kubadilisha ndege.

Mpwani LA

Pole sana Baba Imani. Dada mimi nasema nenda, gavana hajafunga visiwa, ameomba tu, na watu wa kule wanaishi kwa utalii, mahoteli yalipofungwa 2020 watu waliumia vibaya. Kuhusu mama nasikia kuna watu wanapata kadi za CDC hapa hapa mtaani bila shida, ungemwandikia tu hizo dozi zake maana si kweli kachanjwa? Sio kama unadanganya.

NesiMkongwe

Mpwani hapana, hapana. Juzi tu mwezi wa nane kuna watalii wamekamatwa kule kwa kadi feki, kuna mama mmoja wa Illinois kadi yake imeandikwa "Maderna" badala ya Moderna. Adhabu inafika dola 5,000 na kifungo mpaka mwaka mmoja. Huyu ni mama wa watu yuko na viza ya matembezi, unataka apandishwe mahakamani Honolulu kwa ajili ya kukwepa kijiti cha puani? Tusishauriane hivo.

Mtanga wa Visiwani

Habari zenu, mimi Mtanzania niko Honolulu nasoma, nimeona niseme kidogo kutoka huku. Gavana Ige alisema tarehe 23 mwezi uliopita kwamba huu sio wakati mzuri wa kuja, akaomba watu wasubiri hadi mwisho wa Oktoba. Ni kweli sio amri, ila hakulisema bure, hii corona ya aina ya Delta imetupiga, hospitali zimejaa na wiki hii wanahesabu mpaka oksijeni. Na elewa huku ni visiwani, Texas hospitali ikijaa unapelekwa mji wa pili kwa gari, huku kila kitu kinaletwa kwa meli au ndege. Mtoto akianguka kwenye miamba au bibi presha ikapanda, hiyo foleni ya emajensi mtaikaa pamoja na sisi. Nakuombea usifike huko, lakini nisipokwambia nitakuwa nimekuficha.

Kingine, kuanzia tarehe 13 mwezi huu hapa Oahu, kisiwa cha Honolulu, mgahawani unaonyesha chanjo au kipimo cha ndani ya saa 48. Walio chini ya miaka 12 wameachwa. Kwa hiyo huyo kijana wa 13 asiyechanjwa mtakuwa mnampima pima ili akae mezani. Kununua na kuondoka nacho hawaulizi, sisi wenyewe tunachukua poke (samaki mbichi wa kukatwakatwa) dukani Foodland tunaenda kula ufukweni Ala Moana, ni raha pia.

Ushauri wangu sogezeni mbele, visiwa havihami.

Baba Imani

Hata mimi naunga mkono kusogeza. Angalia tiketi zako, haya mashirika makubwa mengi yameondoa faini ya kubadilisha tangu mwaka jana isipokuwa zile tiketi za bei ya chini kabisa. Unalipa tofauti ya nauli tu.

NesiMkongwe

Na faida nyingine ya kusogeza ni huyo wa 13. Kwa tarehe 4 Oktoba hata akichanjwa Pfizer kesho hawezi kuwahi, dozi ya pili ni baada ya siku 21, halafu mpaka siku ya 15, inaangukia tarehe 10. Mkienda Novemba anakuwa huru kama nyinyi, na la muhimu zaidi anakuwa na kinga, shule zimefunguliwa na hii Delta watoto inawapata. Mpeleke hata kama safari itakufa.

Binti Kisauni

Allah awalipe kheri nyote. Nimekaa na mume wangu jana usiku tukasoma majibu yenu yote, hapo kwa Imani na hapo kwa oksijeni nikasema basi. Tumebadilisha, twaenda Alhamisi tarehe 18 Novemba tuunganishe na sikukuu ya Thanksgiving, na nimechukua ndege ya moja kwa moja Dallas hadi Honolulu, imeongezeka pesa kidogo lakini saa 72 zitahesabiwa kutoka hapa hapa kwetu, zaanza Jumatatu, hakuna wikendi. Kijana apata dozi ya kwanza Jumapili. Watakaopimwa wamebaki wawili, mama na huyu wa 8. Mtanga, nikifika nitakupikia biriani.

Swali la mwisho tu. Mama hana barua pepe, naweza kumweka kwenye akaunti yangu pamoja na watoto?

NesiMkongwe

Hapana, watoto unawaweka kwako lakini kila mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea ana akaunti yake. Mfungulie barua pepe leo, nywila uiandike mahali. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, na duka la dawa wakimwandikisha kipimo waandike hivohivo, maana yakitofautiana mtasimamishwa. Lile dodoso la afya mtajaza ndani ya saa 24 kabla ya kuondoka ndo mnapata ule msimbo wa QR, wa kwake uuchapishe kwenye karatasi asihangaike na simu. Na miadi ya kupima uichukue mapema hiyo Jumatatu, wiki ile kila mtu anasafiri.