Mjadala: Grupu la WhatsApp la kazini linyamaze jioni?

Afisa utumishi, Mwanga, Kigoma

Wadau, jambo hili limezoeleka mpaka hatulioni tena. Mtu anatoka kazini saa 11 jioni. Saa 3 usiku, ugali uko mezani, grupu la kazi linalia: "Naomba takwimu za wiki, nizipate kabla ya asubuhi." Wenzake wanaanza kuweka dole gumba mmoja mmoja, naye anaona akichelewa ataitwa mvivu. Hoja yangu naitoa wazi ili ipingwe: kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, grupu la kazi lisitumike kutoa maagizo. Penye dharura, mtu apigiwe simu.

Msingi wangu ni sheria ambayo tayari tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Aliyetuma takwimu saa 3 usiku akaripoti saa 1:30 asubuhi amepumzika saa 10 na nusu.

Tupige hesabu. Mshahara wa shilingi 585,000 kwa mwezi ugawe kwa 4.333, ndizo wiki za mwezi, kisha gawa kwa saa 45. Unapata kama 3,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ziada ni 4,500. Anayetumia nusu saa kila jioni kwenye grupu, siku 6 za wiki, amefanya saa 3. Kwa wiki 4 ni saa 12, sawa na shilingi 54,000. Halipwi kwa sababu saa hizo haziandikwi popote.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Ndugu afisa, hoja yako inamfaa mwenye meza na kiti. Huku kwetu kazi inaanza muda ule ule unaotaka ifungwe. Vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, vinaingia ziwani jioni, giza likikolea taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa, na mitumbwi inarudi alfajiri. Bei inapangwa pale pale ufukweni. Dagaa wabichi wanatakiwa kuanikwa mapema, kwa sababu jua zuri la siku moja linatosha kuwakausha, lakini wakicheleweshwa hadi mchana watalala hawajakauka, na mvua ikiwakuta hapo wanavunda na bei inaporomoka. Anayepanga waanikaji, vichanja na gari la mzigo anahitaji kujua saa 10 alfajiri kama kuna mzigo wa kutosha au la. Taarifa hiyo inapita kwenye grupu.

Ukifunga saa 12 jioni umeifunga biashara yenyewe. Kikomo kiwekwe kwa zamu ya mtu, saa ya ukutani haitufai. Na ziwa lina mapumziko yake: siku za mbalamwezi kali taa hazivuti dagaa vizuri, vipe vingi vinakaa. Hizo ndizo siku ambazo grupu lingenyamaza, lakini ndizo siku ambazo matajiri wengi hujaza grupu habari za hesabu, nyavu na mafuta. Hapo ninakubaliana nawe kwa moyo wote.

Afisa utumishi, Mwanga

Nimeelewa, na sheria inakuunga mkono kwa sehemu. Mapumziko ya saa 12 yanaweza kupunguzwa hadi 8 ikiwa kuna makubaliano ya maandishi na siku ya kazi imekatwa na pengo lisilopungua saa 3. Kazi ya alfajiri kisha jioni inaingia humo. Lakini sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa iliyofanywa humo inaongezewa asilimia 5 ya ujira. Ukitaka zamu, basi iandikwe na ilipwe kama zamu.

Mshauri wa afya ya akili, Ujiji

Niongeze upande ambao hesabu ya dakika haiuoni. Hasara kubwa haiko kwenye ile nusu saa ya kujibu, iko kwenye saa 3 za kungoja kama ujumbe utakuja. Mtu amekaa sebuleni, mtoto anamwonyesha daftari, jicho linakwenda kwenye simu iliyolazwa kifudifudi. Mwili umefika nyumbani ila akili bado iko zamu. Ndiyo maana jioni ambayo grupu halikulia hata mara moja inaweza kumchosha mtu vile vile.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya umakini wake inabaki kule alikotoka. Mwaka 2011 Masicampo na Baumeister wakaonyesha jambo lenye faida zaidi kwetu: si lazima kazi iishe ndipo akili iiachie, mpango mahususi wa lini na vipi utaimalizia unatosha kuituliza. Kisha Michael Scullin na wenzake, mwaka 2018, walilaza watu 57 kwenye maabara ya usingizi huko Marekani. Walioandika kwa dakika 5 mambo ya kufanya siku zijazo walipata usingizi kama dakika 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na aliyeandika kwa undani zaidi alilala upesi zaidi.

Kwa vitendo ni hivi. Dakika 5 kabla ya kutoka, chukua karatasi. Usitumie simu, maana ukiishika utajikuta umeingia kwenye grupu. Ukiandika "ripoti ya Mei" hujafanya kitu, kesho utaanza upya kujiuliza uanzie wapi. Andika: "Ripoti ya Mei. Saa 2:15 nimpigie mtunza stoo anipe idadi ya dripu zilizobaki, kisha nijaze jedwali la pili." Karatasi ibaki mezani kazini, usiende nayo.

Na dharura isiitwe kwa maandishi. Mama mjamzito anahitaji upasuaji, ujumbe umebaki na tiki moja ya kijivu kwa sababu bando la daktari limeisha, na aliyetuma anaamini ameshaita. Hili linanitisha kuliko mengine yote ya mjadala huu.

Fundi simu, Barabara ya Lumumba

Wengi huzima data usiku. Tiba hiyo ina madhara: asubuhi ukiwasha, ujumbe 80 unamiminika kwa mpigo, na ndugu aliyekutafuta usiku naye hukumwona. Afadhali ufanye hivi.

Fungua grupu, bonyeza jina lake, nenda kwenye arifa, nyamazisha. Utapewa chaguo tatu: saa 8, wiki 1 au daima. Weka daima. Ujue kwamba kunyamazisha hakumzuii anayekutaja kwa alama ya @, arifa yake itapenya. Bosi asiyeelewa mipaka ataanza kumtaja kila mtu, na hapo mpangilio wa simu hautakusaidia, inabidi mzungumze.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, tafuta "Usisumbue", uipe ratiba, tuseme saa 3 usiku hadi saa 11:30 alfajiri. Ruhusu simu za watu unaowachagua: mzazi, mwenza, kiongozi wa zamu. Washa pia ruhusa ya wanaorudia kupiga: namba ile ile ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 kwenye Android, au 3 kwenye iPhone, simu italia. Hapo kanuni ya dharura inakuwa nyepesi hata kwa asiyejua simu janja: piga mara mbili. Kosa ninaloliona sana ni mtu kusahau kuiruhusu kengele ya kuamka. Ijaribu mchana kwanza.

Kuhusu tiki za bluu, watu wanadanganyana. Ukizizima, zinazimika kwenye mazungumzo ya watu wawili tu. Kwenye grupu mtumaji akibonyeza ujumbe wake na kufungua taarifa zake anaona majina ya waliousoma. Kwa hiyo bosi anayefungua orodha hiyo saa 4 usiku ameshaigeuza kuwa daftari la mahudhurio. Dawa ni kutolifungua kabisa grupu hadi asubuhi.

Bosi aliyepata wazo usiku aliandike kwenye mazungumzo yake na yeye mwenyewe, WhatsApp inaruhusu, kisha asubuhi alisambaze. Admini anaweza pia kuweka grupu liandikwe na maadmini tu.

Mwalimu, Sikonge, Tabora

Kaka fundi, hayo yote yanafaa penye mtandao. Ziko shule huku ambazo mawimbi hupatikana kwa kusimama sehemu moja tu, kwenye kichuguu au chini ya mwembe fulani, na simu inachajiwa kwenye sola ya duka inayochukua zamu. Mwalimu anamaliza vipindi, anatembea hadi hapo jioni, anapokea ya siku nzima. Ukiniambia grupu lifungwe saa 12 jioni umenifungia dirisha pekee nililo nalo. Mimi nasema ujumbe utumwe saa yoyote. Kinachoua ni ile "kabla ya asubuhi".

Kila agizo libebe muda wake wa mwisho, na muda huo uangukie saa za kazi, angalau siku moja kamili ya kazi baada ya kutumwa. Mfano: "Idadi ya madawati mabovu kwa kila darasa. Si ya leo. Ijibiwe Jumatano saa 6 mchana." Maneno matatu hayo, "si ya leo", yanamtoa mtu kwenye wasiwasi kuliko kufungiwa grupu.

Na jedwali lisitumwe kama picha. WhatsApp inaibana picha, tarakimu zinageuka ukungu, 3 inasomeka 8, na mwalimu anaanza kupiga simu usiku kuuliza safu ya 7 inasemaje. Tuma kama dokumenti. Nusu ya kazi za usiku ninazozijua zinatokana na agizo lililoandikwa vibaya, wala si kwa sababu lina haraka.

Mshauri wa afya ya akili, Ujiji

Mwalimu, "si ya leo" naiafiki kabisa, lakini haitoshi peke yake. Mpokeaji huwa haamini mpaka aone yanayompata aliyejibu Jumatano. Mkuu akimsifu kwenye grupu aliyejibu saa 4 usiku, maneno yake yote yamefutika.

Mwanasheria, Tabora mjini

Nchi nyingine zimepita njia tofauti na inafaa tuzitazame kabla ya kuchagua. Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, inataka kampuni za wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kujitenga na simu za kazi. Ureno mwaka 2021 iliuweka mzigo kwa mwajiri: yeye ndiye ajizuie kuwasiliana na mtu aliye mapumzikoni. Australia, tangu Agosti 26, 2024, inamruhusu mfanyakazi kukataa kusoma au kujibu nje ya saa zake, isipokuwa pale kukataa kwake kusipokuwa na sababu ya maana.

Kwetu mimi naipendelea ya Ureno. Ile ya Australia inamtaka mnyonge akatae, na katika mji ambao bosi ni jirani, au ni shemeji, kukataa hakuji kirahisi. Ya Ufaransa inataka vyama vya kujadiliana, na biashara zetu nyingi zina watu 4 au 6.

Anayedai saa zake za ziada ajue mambo mawili. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, usingoje mwaka uishe. Pili, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi. Hamisha mazungumzo yote ya grupu kama faili ili tarehe na saa zionekane; kipande cha picha ya skrini ni rahisi kupingwa. Angalia pia kama grupu limewekewa ujumbe unaojifuta, maana wengine hugundua ushahidi umeshaondoka.

Afisa utumishi, Mwanga

Narekebisha hoja yangu. Saa ya kutuma naiacha, mwalimu amenishinda hapo. Napendekeza maneno haya yawekwe kwenye maelezo ya grupu, pale juu kila mtu anapoyaona: "Kila agizo lina tarehe na saa ya mwisho ndani ya saa za kazi. Asiyejibu nje ya zamu yake hana kosa. Dharura hupigwa simu, mara mbili, kwa mwenye simu ya zamu. Aliyeitwa aandikiwe saa zake siku ile ile." Simu ya zamu iwe simu ndogo ya batani ya ofisi, inayokaa na chaji siku kadhaa, inayopokezana kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Bila bando, bila grupu.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi

Simu ya zamu naikubali, kesho inaweza kuanza. Lakini bado umewaacha waanikaji. Hawana mshahara wa kugawa kwa 4.333, wanalipwa kwa siku au kwa kichanja. Mama anaamshwa saa 10 alfajiri, anaacha watoto, anafika ufukweni, mitumbwi inarudi mitupu, anarudi nyumbani bila kitu. Usingizi wake ulikuwa kazi. Ninachoweza kusimamia ni hiki: aliyeitwa akafika na mzigo ukakosekana, alipwe nusu ya siku na aliyemwita, na jina lake liwe la kwanza kwenye mzigo unaofuata. Wenzangu wa Katonga mnasemaje, nusu mtaiweza?