Wakuu, nimefunga injini kubwa kwenye boti ya jeti lakini spidi iko palepale. Msaada

Mkaa_Omo: Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya jeti ya alumini, mita 5.5. Nimetoa injini ya silinda nne, nikafunga V8 yenye farasi zaidi ya mara mbili. Injini inalia hadi masikio yanauma, boti inakwenda vilevile. Tena omo, yaani pua ya boti, inapanda na kushuka kama mtu anayesinzia. Usingizi sipati. Nawaza kuweka impela kubwa zaidi, ile feni ya ndani inayosukuma maji nyuma.

Spana17: Mkuu, jeti si propela. Impela inakula nguvu kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: ukizidisha farasi mara mbili, rpm (mizunguko kwa dakika) inapanda kama robo tu. Yako ilikuwa ngapi, sasa ngapi?

Mkaa_Omo: 4200, sasa 5900.

Spana17: Ingeishia 5300 na ushee. Hiyo ziada impela inazungusha hewa, si maji.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, spidi yote hiyo unamuwahi nani? Jeti ukiachia mafuta ghafla, usukani unakufa, maana kinachokata kona ni maji yanayotoka nyuma. Watu huogopa, huachia mafuta, boti inawapeleka moja kwa moja ukingoni. Jifunze kwanza hilo.

Kapteni_wa_Kochi: Boti sina ila napenda stori zake. Bill Hamilton wa New Zealand, miaka ya 1950, alitaka kupanda mito yenye maji ya kifundoni. Mwanzoni maji yalitokea chini ya boti; alipopandisha nozeli, tundu la kutolea maji, juu ya usawa wa maji ndipo spidi ikaja. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado, ndani ya Grand Canyon, kwenda juu! Sisi wengine hata ngazi zinatutoa jasho.

Spana17: Turudi kwenye mada. Omo kudunda ni uzito: V8 imelalia tezi, yaani nyuma ya boti. Sogeza betri na tangi mbele. Kuhusu hewa, chini ya boti umegusa chochote?

Mkaa_Omo: Hilo halihusiani, mimi nauliza injini.

Spana17: Umegusa au hujagusa?

Mkaa_Omo: Nilichomelea mkuku, ule uti wa chini ya boti, katikati, toka omo hadi karibu na mdomo wa jeti unaovuta maji. Kinga ya mawe. Na unasaidia sana, zamani boti ilikuwa inateleza kwenye kona. Fundi alisema hauna shida.

Spana17: Shida ndiyo hiyo. Mkuku unakokota mapovu hadi mdomoni. Boti za jeti huachiwa sehemu bapa mbele ya mdomo ili maji yaingie yametulia. Pima hivi: ifunge boti gatini, kanyaga nusu mafuta, soma rpm. Kisha nenda mwendo mafuta yakiwa palepale. Ikipanda sana ukiwa kwenye mwendo, hewa inaingia kwa chini. Impela kubwa haitibu hewa.

Mkaa_Omo: Kukata siwezi, bati litapinda. Na impela nimeshaagiza.

Bi_Mkubwa: Sasa ushauri wa nini?

Jicho_Kali: Wakuu, hii chai. Picha hakuna, na jina hilihili juzi lilikuwa linauliza gia za trekta. Mtu wa trekta leo ana V8 majini?

Kapteni_wa_Kochi: Nilihisi! Nimempa Hamilton wangu bure.

Mkaa_Omo: Chai? Juzi nimelala chali chini ya hiyo boti, tope likinidondokea machoni. Pete inayozunguka impela imechimbwa na mchanga, ukipitisha ukucha unanasa. Fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 1.5 inapita kati ya pete na impela bila kugusa.

Spana17: Subiri. 1.5? Hata milimita moja ni nyingi! Maji yanarudi nyuma kupitia hiyo nafasi, nayo pia inapandisha rpm. Mbona hukusema?

Mkaa_Omo: Hamkuuliza.

Spana17: Basi hata gatini rpm itakuwa juu. Anza na pete, ukimaliza rudia kipimo ndipo tuujadili mkuku.

Mkaa_Omo: Pete sawa. Mkuku haukatwi.

Jicho_Kali: Haya, boti anayo. Na trekta?

Mkaa_Omo: La shemeji. Ile injini ya silinda nne nataka kuifunga humo.

Spana17: Fungua uzi mwingine.