Themu ya kuanzia ya eneo-kazi letu: tupige kura, au waamue wachache?

rangi_na_mstari aliuliza:

Wakuu, naomba mawazo yenu kabla hatujagombana zaidi.

Niko kwenye kundi la wajitoleaji tunaotunza mfumo endeshi mdogo wa chanzo huria unaotumia GNOME, eneo-kazi huria (yaani madirisha, menyu na mipangilio ya skrini). Themu (rangi na sura ya madirisha, vitufe na menyu) ambayo mtu anaikuta akimaliza kusakinisha ni ya siku nyingi. Aliyeiandika ameshaondoka kundini, na kila toleo jipya likitoka kuna kitu kinavunjika: mara menyu inakosa mpaka, mara maandishi yanamezwa na rangi ya nyuma. Tukakubaliana tuandike mpya, na kila mtu awe huru kuleta pendekezo.

Mapendekezo yamekuja, tena mengine yanapendeza kweli. Kuna la kijani-buluu lenye kona za mviringo, lilishangiliwa na karibu kila mtu siku lilipowekwa. Kuna la giza tupu. Na wakongwe wa kundi wanataka upau wa juu wa dirisha uwe mweusi na sehemu iliyobaki iwe nyeupe, kama walivyozoea.

Tumekwama hapo. Wapo wanaosema tupige kura na mshindi achukue. Wapo wanaosema ubunifu haupigiwi kura, wachaguliwe watu watatu, wajifungie, watuletee kilichokamilika. Mimi ndiye niliyepewa kusimamia, na sitaki upande wowote ubaki na kinyongo. Mliowahi kupitia hili mlifanyaje? Na kazi yenyewe inaanzia kwenye michoro au kwenye msimbo?

kura_ya_wengi alijibu:

Pigeni kura tu, mkuu. Debian, mfumo endeshi mkubwa wa chanzo huria, wanafanya hivyo: wasanii wanaleta kazi zao, watu wanapiga kura, mshindi anakuwa sura ya toleo zima. Homeworld ya Debian 11 na Emerald ya Debian 12, zote za Juliette Taka, zilipatikana hivyo. Ceratopsian ya Debian 13, kazi ya Elise Couper, vilevile. Mtu akishapiga kura anajiona na yeye ni mwenye mali. Mkiwapa watatu waamue, wengine wote mmewageuza wapangaji.

mtunza_vitufe alijibu:

Ndugu uliyeuliza, nimekaa miaka kwenye msimbo wa themu, na hili jambo nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mfano wa Debian ni wa kweli, ila tazama kinachopigiwa kura pale. Ni picha ya mandharinyuma, skrini ya kuingilia, menyu ya kuwashia kompyuta, bango la kisakinishi. Ni vitu vya kutazamwa. Ukiviweka mbele ya mpiga kura anaviona vyote kwa pamoja, na macho yake yanatosha kuamua. Vitufe na menyu anazotumia mtu wa Debian kutwa nzima haziingii kwenye kura hiyo, zinatoka kwa GNOME, KDE au eneo-kazi lolote alilochagua.

Themu ni kazi ya aina nyingine. Chukua kitufe kimoja. Kina sura yake ya kawaida, sura ya kishale kikipita juu yake, sura ya kubonyezwa, sura ya kufungwa kisibonyezeke, sura ya kibodi ikikifikia, na sura ya dirisha lake likiwa nyuma ya jingine. Kisha kuna kitufe cha kupendekeza na kitufe cha kuonya, kila kimoja na rangi yake. Yote hayo yafanye mara mbili, kwenye mwanga na kwenye giza. Hapo hatujagusa swichi, visanduku vya kuteua, vichupo, orodha wala sehemu za kuandikia. Sasa hilo pendekezo la kijani-buluu, limeonyesha sura ngapi kati ya hizo? Michoro ya mfano niliyozoea kuiona huonyesha dirisha moja, liko mbele, hakuna kilichofungwa, hakuna ujumbe wa kosa. Mkilipigia kura mtakuwa mmekubali sehemu ndogo kabisa ya kazi, na iliyobaki haijachorwa na mtu.

Kujifungia nako kumejaribiwa. Mwaka 2010, mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 10.04, ulipohamishia vitufe vya dirisha upande wa kushoto, watumiaji wengi walipinga, na Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, akawajibu waziwazi kwamba maamuzi ya ubunifu hayapigiwi kura. Kwenye hilo la kura niko naye. Lakini mtu aliyeambiwa uamuzi umeshapita hana pa kushika. Anabaki na kulalamika tu, hata kama ana mikono ya kufanya kazi na nia anayo.

Njia ninayoiamini mimi ni ile Ubuntu hiyohiyo waliyopita baadaye. Oktoba 2017 waliacha Unity, eneo-kazi lao wenyewe, wakarudi GNOME, na themu yao ya zamani, Ambiance, ikaonekana imeachwa nyuma. Wakaita jamii ije iandike mpya, ikaitwa Communitheme. Walikuja wajitoleaji wakakaa meza moja na waajiriwa wa Canonical, kampuni ya Ubuntu. Lengo lilikuwa iingie kwenye toleo la 18.04, Aprili 2018. Haikuwa imeiva, na hapa ndipo ninapowaheshimu: hawakuilazimisha. 18.04 ikatoka na Ambiance, na Communitheme ikatolewa kama snap (kifurushi cha kusakinisha pembeni) kwa anayetaka kuijaribu. Watu wakaitumia kwenye kazi zao halisi, wakaripoti hitilafu, zikarekebishwa. Oktoba 2018, kwenye 18.10, ndipo ikawa themu ya kuanzia, kwa jina la Yaru. Ikoni zake zimetokana na Suru ya Sam Hewitt, na sura ya vitufe imejengwa juu ya Adwaita, themu ya GNOME yenyewe.

Swali lako la michoro au msimbo linajibiwa na hilo la mwisho. Anzieni kwenye msimbo, tena msimbo wa Adwaita, mbadilishe vichache iwezekanavyo. GNOME hutoa toleo kila miezi sita, na kila mstari mtakaouandika wenyewe mtaukagua upya kila mara. Mwaka 2016, GTK 3.20 (zana ambayo programu za GNOME hujengwa nayo) ilipobadilisha namna CSS, lugha ya kuandikia mitindo, inavyoviita vijenzi kama vitufe na swichi, themu nyingi zilivunjika na zile zisizo na mtu wa kuzitunza zikafia hapo. Na tangu libadwaita 1.0, maktaba ya GNOME ya kujengea programu, itoke mwishoni mwa 2021, programu zinazoitumia zina mitindo yao ya ndani, hazifuati themu mtakayoweka. Mkichora kila kitu upya, mtumiaji atafungua programu mbili, moja ina sura yenu na nyingine ina sura ya GNOME, na zote ziko kwenye skrini moja.

Ila nina habari njema kwa wapenzi wa kijani-buluu. Kuanzia GNOME 47, ya Septemba 2024, mtumiaji anachagua rangi ya msisitizo (ya vitufe vikuu na vitu vilivyochaguliwa) kati ya tisa, na kijani-buluu ni mojawapo. Mnaweza kuiweka iwe ya kuanzia kwa mstari mmoja wa mipangilio, na programu za libadwaita zitaifuata. Fanyeni hilo kwanza, likae wiki kadhaa kwenye mashine zenu, kisha ndiyo mjiulize kama bado kuna haja ya themu nzima.

Mkiona haja ipo, kila pendekezo lijaribiwe ndani ya gtk3-widget-factory na gtk4-widget-factory, ambazo zinapanga vijenzi karibu vyote kwenye dirisha moja. Kisha lipelekwe kwenye programu mnazotumia kila siku. Pendekezo lisilo na msimbo lipokelewe kama wazo, na mwenye wazo atafutiwe mtu wa kumsaidia kuliandika.

naona_kwa_kukuza alijibu:

Naomba niongeze upande ambao kwenye mijadala hii huja mwisho, wakati rangi zimeshapendwa na hakuna anayetaka kuzigusa.

Sioni vizuri tofauti ya nyekundu na kijani, na maandishi nayasoma nikiwa nimeyakuza. Kuna programu fulani niliyoitumia ambayo ukikosea nywila, kisanduku kinabadilika mpaka wake kutoka kijani kwenda nyekundu, basi. Hakuna neno, hakuna alama. Nilikuwa nabonyeza tena na tena nikidhani imeganda. Aliyeichora aliona kosa limeonyeshwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kura na kabla ya kamati, wekeni vipimo. Mwongozo wa WCAG, wa kuwawezesha wenye ulemavu kutumia wavuti, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Mpaka wa kisanduku, swichi na alama zinazobeba maana nazo ni 3 kwa 1. Hii haihitaji mjadala, inapimwa. Rangi ya chungwa ya Ubuntu, yenye namba #E95420, ukiiandikia kwa nyeupe unapata kama 3.65 kwa 1. Inafaa kwa swichi au herufi kubwa, haitoshi kwa aya ya maandishi madogo. Rangi inaweza kuwa nzuri na isifae kuandikiwa juu yake, na hilo halimvunjii heshima aliyeichagua.

Na ile fremu inayoonyesha kibodi imefika wapi, tafadhali msiifute kwa sababu inaharibu mchoro. Kuna wanaotembea kwenye skrini nzima kwa kitufe cha Tab peke yake. Ikitoweka, hawajui walipo.

rangi_na_mstari alijibu:

Nawashukuru sana. Nimefanya mlivyosema, nimelichukua lile pendekezo lililoshangiliwa na kulifungua kwenye gtk4-widget-factory mbele ya kundi zima.

Vitufe vya kawaida vilipendeza. Swichi zilizofungwa zilikuwa na rangi ileile ya zilizowashwa, imepaukishwa kidogo, kiasi kwamba watu wawili walibishana kama ile moja imewashwa au haibonyezeki. Dirisha likienda nyuma halibadiliki hata kidogo, hujui unaandika kwenye lipi. Halafu nikapima rangi yenyewe. Ni #1ABC9C na maandishi meupe juu yake: 2.4 kwa 1. Haifiki hata kipimo cha maandishi makubwa.

Niliogopa mwenye pendekezo ataondoka. Badala yake alikaa nalo jioni hiyohiyo akalishusha hadi #0E7C66, ambayo inatoa 5.1 kwa 1, na ile ya mwanzo akaibakiza kwenye mapambo yasiyo na maandishi. Ugomvi wa nani anapenda nini ulipoa palepale, maana kila mtu alikuwa anatazama swichi ileile na kutafuta dawa yake.

Yamebaki mawili. Wakongwe wanaotaka upau mweusi juu ya dirisha jeupe niwajibu nini? Na ruhusa ya kuunganisha mabadiliko kwenye msimbo wetu nimpe nani?

mtunza_vitufe alijibu:

Huyo aliyeishusha rangi jioni hiyohiyo ndiye wa kwanza. Ruhusa mpe aliyekwisha kurekebisha kitu cha mwenzake au chake baada ya kukosolewa. Wawili au watatu wanatosha, majina yao yajulikane, na wakikataa badiliko waandike sababu palepale ambapo aliyelileta ataiona. Na mumuweke naona_kwa_kukuza au mtu mwenye macho kama yake awe mmoja wao. Nasema hivyo kwa uzito wote: mwenye kuona kila rangi hawezi kukumbuka kila siku kwamba kuna asiyeziona.

Kuhusu wakongwe, waambie ukweli wa kiufundi. Yaru yenyewe ilikuwa na mchanganyiko huo, upau wa giza juu ya dirisha la mwanga, na kwenye Ubuntu 21.10 wakauacha, themu ya kuanzia ikawa ya mwanga tupu. Kila programu iliyoweka maandishi au ikoni zake kwenye upau huo inabidi ikaguliwe peke yake, na nyie ni wachache. La giza tupu halina ugomvi, tangu GNOME 42 ya mwaka 2022 mtumiaji anachagua giza au mwanga kwenye mipangilio na programu zinazojua hilo zinafuata. Toeni zote mbili. Mnachoamua ni ipi itangulie tu.

kura_ya_wengi alijibu:

Nimewaelewa kwenye vitufe, na hiyo swichi imenishawishi. Ila kwenye picha ya mandharinyuma na skrini ya kuingilia bado nasimama na kura. Kundi lenu lina watu wasioandika CSS na wasiopima rangi, na wameitunza kazi hii kwa kujibu maswali ya wageni na kutafsiri. Nao wawe na sehemu ambayo neno lao linahesabiwa.

mtunza_vitufe alijibu:

Hapo tuko pamoja kabisa. Kura ya mandharinyuma ifanyike, na iwe wazi kwa wote. Sharti moja tu: kila picha inayoshindanishwa ionekane ikiwa na majina ya faili juu yake, kwenye mwanga na kwenye giza, na mchoraji aseme mapema leseni anayoitoa. Ikoni za Suru ndani ya Yaru ziko chini ya CC BY-SA 4.0, leseni huria inayotaka utaje mchoraji na utoe kwa leseni hiyohiyo, nanyi mnaweza kuanzia hapo.