Baiskeli ya kulala: nianzie wapi jamani?

Mzee_wa_Tudor

Assalamu aleikum wenzangu wa pedali.

Nina miaka 58, naishi Tudor, Mombasa. Tangu ujana wangu nilikuwa napanda ile baiskeli nyeusi ya chuma kwenda kazini Kipevu, jua na mvua. Mwaka juzi mgongo ukanikamata, pingili za chini kabisa, nikaambiwa kiti cha baiskeli ya kawaida basi tena. Nikaiuza. Siku ile mnunuzi alipoisukuma kutoka uani, wallahi chozi lilinitoka.

Mwezi uliopita Mjerumani mmoja wa Nyali alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao, akaniuzia baiskeli ambayo sijaiona kwa mwingine hapa mjini. Unaketi kama umeegemea kiti cha uvivu, miguu imetangulia, pedali ziko mbele hata ya gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele ni inchi 20, la nyuma inchi 26, usukani uko juu ya mapaja. Nikikaa tu mgongo unatulia. Nimekaa nusu saa ukutani bila kwenda popote, na maumivu hakuna.

Shida ni kuondoka. Ni jioni ya nne sasa niko kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Mguu wa pili ukiondoka chini tu, chombo kinayumba kama ngalawa iliyong'oka mrengu, nami niko chini. Goti limechunika. Miaka 40 ya baiskeli na sijui kuondoka!

Naomba kuelezwa: naondokaje? Daraja la Nyali litapitika? Cheni yake ni ndefu ajabu, ikikatika nitapata wapi nyingine? Na wazee wenzangu wa barazani wanasema ingekuwa kitu cha maana tungeiona kwenye mashindano ya Ufaransa. Sikuwa na jibu.

Pedali_Mtwapa

Waalaikum salaam mzee wangu. Pole kwa goti. Mimi nina mwaka wa pili na ya aina hiyo hiyo, na wiki ya kwanza nilianguka kama wewe.

Kwanza pima urefu, maana wengi huruka hapa. Vaa viatu utakavyopandia, egemea vizuri, weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali kabisa nawe. Mguu unyooke bila nyonga kuteleza kitini. Ukihamia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kama sivyo, legeza bomba la mbele lenye pedali, livute au lirudishe. Mjerumani wako huenda alikuwa na miguu mirefu.

Sasa kuondoka. Weka gia nyepesi kabla hujasimama, kwa sababu hapa huwezi kusimamia pedali ukaikandamiza kwa uzito wa mwili. Shika breki. Mguu wenye nguvu uweke kwenye pedali iliyo juu, ikiwa imeinama kidogo kukuelekea wewe. Halafu egemea. Mabega yaguse kiti kabisa! Mgeni hujiinua na kung'ang'ania usukani, na kila anapojivuta, usukani unapinda naye. Ushike kama unavyoshika kikombe cha kahawa chungu, kwa vidole tu. Achia breki, sukuma mara moja kwa nguvu bila kusitasita, mguu wa pili uufuate papo hapo. Mwendo wa pole pole ndio unaoyumbisha. Ukishika kasi kidogo, inanyooka yenyewe. Macho yawe mwisho wa uwanja, usilitazame gurudumu.

Ukipata mahali penye mteremko mdogo, anzia hapo. Na tafadhali sana mzee: usishushe mguu kabla baiskeli haijasimama kabisa. Wayo ukigusa lami huku inakwenda, mguu unavutwa nyuma chini ya kiti. Huko ndiko watu wanakovunjika.

Fundi_Majengo

Mzee, cheni isikuondoe usingizi. Hakuna cha ajabu pale, ni cheni za kawaida zilizoungwa. Moja ya dukani huwa na pingili kama 114 au 116, na baiskeli yako hula mbili na nusu hivi, wakati mwingine karibu tatu. Nunua zote siku moja, za aina moja, zinazolingana na idadi ya gia zako za nyuma. Usiunge mpya na iliyokwisha, itaruka meno.

Angalia zaidi lile kapi chini ya kiti ambapo cheni inapita. Lizungushe kwa kidole. Likikwaruza, beringi imekwisha, na hapo ndipo nguvu za miguu yako zinapotelea. Mengine ni plastiki ngumu na meno huliwa upande mmoja. Upande unaovuta ndio unaoteseka.

Halafu chumvi. Lile bomba la mbele linaloingia ndani ya fremu, mara nyingi moja ni alumini na jingine chuma, na kwa hewa yetu hii vinashikana kabisa. Niliwahi kuletewa moja iliyokaa miaka kwenye veranda ya ufukweni. Tulimwagia mafuta siku tatu ndipo ikatoka. Kwa hiyo ukishapata urefu wako, lichomoe, lifute, lipake grisi, rudisha. Rudia kila baada ya miezi michache.

Msomaji_Likoni

Jibu la barazani ninalo, Ami. Mwaka 1933 kule Paris, Francis Faure, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa, alipanda baiskeli ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyodumu tangu 1914. Wakubwa wa mchezo wakaketi, na mwaka 1934 wakaweka masharti ya umbo la baiskeli yaliyoitoa nje. Ndiyo maana huioni Ufaransa. Waambie ilikatazwa ikiwa imeshinda.

Siri ni upepo: mwili uliolala hauukingi kama uliosimama. Siku ya kusi kali, nenda kusini, utauelewa mwenyewe.

Binti_Kisauni

Shikamoo mzee. Mimi ninayo ya magurudumu matatu, mawili mbele, kwa sababu mguu wangu mmoja hauna nguvu. Ya kwako iko juu kuliko yangu, kwa hiyo dereva wa gari dogo mnatazamana usoni. Wa lori ndiye asiyekuona. Funga ufito mrefu nyuma ya kiti wenye kitambaa cha rangi kali. Mimi nimetumia kipande cha leso ya manjano. Na kioo cha pembeni ni lazima, upande wa kulia, kwani shingo haigeuki vizuri ukiwa umelala.

Daraja la Nyali, bado. Kupanda si kazi, ni gia nyepesi na subira. Kazi ni matatu zinazogombania nafasi pale mwanzoni. Pita Jumapili alfajiri, au uisukume kwenye njia ya waendao kwa miguu mpaka uweze kuondoka mara 20 bila kushusha mguu. Mimi nilihesabu hivyo hivyo.

Mzee_wa_Tudor

Marahaba binti yangu, na shukrani kwenu nyote.

Bomba nilivuta ndani vidole vitatu. Jana baada ya swala ya alfajiri nikatoka na mjukuu wangu asimame mwisho wa uwanja, nimtazame yeye badala ya gurudumu. Mara mbili ilikataa. Ya tatu nikakumbuka kikombe cha kahawa, nikalegeza vidole, nikausukuma mguu. Nilifika kwa mtoto! Mita kama 60, na juu yangu naona mbingu na majani ya mwembe yanapita. Kwenye baiskeli nyeusi nilikuwa naona lami tu.

Kuondoka nimefikisha mara 6 kati ya 10. Fundi, kapi linakwaruza kweli. Jumamosi nakuletea, ila kona kali bado sijaziweza: magoti yanagonga usukani. Je, niuinue au nikiteremshe kiti?