Naomba ushauri: tamko la falsafa ya ualimu, aya ya tatu inakwama

Asalaam aleikum walimu wenzangu. Naandika tamko la falsafa ya ualimu kwa maombi ya kazi, skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Ukurasa mmoja, aya nne: mtoto anajifunzaje, kazi ya mwalimu, mfano wa somo, upimaji.

Mfano ndio unaonitoa jasho. "Namjali kila mwanafunzi" haina uzito, kila mwombaji huiandika. Nimeweka bayolojia, dakika 40: dakika 5 za swali (mti unaishije kwenye maji ya chumvi?), 15 vikundi vya watano wakichunguza majani ya mchu (aina ya mkoko) yenye chembe za chumvi, 10 kuwasilisha, 10 kila mmoja aandike sentensi mbili bila kutazama daftari. Sentensi zikifanana neno kwa neno, wamenakiliana.

Sasa, darasa la watoto 70 lina vikundi 14. Dakika 10 haziwatoshi, na msomaji makini ataliona hilo. Niteue vikundi vitatu kwa kura, au niondoe uwasilishaji kabisa?

Na jengine: watoto wetu wametoka chuoni (madrasa ya Qur'ani), wanajua kuhifadhi kwa moyo. Mwanafalsafa wa elimu John Dewey nimemtaja, na fikra yake ya kujifunza kwa kutenda. Kuhifadhi nako nikutetee, au nitaonekana wa kizamani?