Kijana wa stoo kakiri kosa kabla hatujaligundua. Nimshukuruje bila kuwaudhi wenzake?

DadaWaStoo:
Wakuu, habari za jioni.

Ni msimamizi kwenye duka la jumla la dawa hapa Mwanza. Nina kijana chini yangu ambaye hana makeke, kwenye vikao husikii sauti yake, ila ukimwachia mzigo ujue umehesabiwa na katoni zinazokaribia kuisha muda zimewekwa mbele. Daftari la joto la friji analijaza asubuhi na jioni kwa namba alizozisoma kweli. (Waliofanya kazi kwenye dawa wanajua madaftari mengine yanavyojazwa kwa mkupuo siku ya Ijumaa, wiki nzima 5, 5, 5.)

Juzi asubuhi sijaweka hata mkoba chini, akanifuata: “Dada, jana nilifunga mimi. Kuna boksi lilitokeza, mlango wa friji haukushika. Kipimajoto kinasoma 16. Insulini yote nimeitenga, nimebandika karatasi ISIUZWE.”

Insulini tunaitunza kwenye nyuzi 2 hadi 8. Angeweza kurudishia mlango, akasubiri namba ishuke, akaandika 6, na hakuna ambaye angejua, maana dawa iliyopata joto kwa macho mara nyingi haionyeshi chochote.

Bosi anataka kumkata mshahara “liwe fundisho”. Mimi nataka kumshukuru. Na wenzake wameanza kuguna: yaani anayekosea ndiye anasifiwa, sisi tusiokosea je? Naombeni ushauri.

Mtu wa Mabatini:
Mpe elfu hamsini kimya kimya. Asante ya maneno hainunui unga.

Nesi Mstaafu:
Hapana jamani. Hela ya kificho ikijulikana, na itajulikana, mtamharibia kijana wa watu.

Mwanangu, wodini kwetu binti mmoja alisema mwenyewe kwamba kampa mgonjwa dozi ya kitanda cha jirani. Mgonjwa akawahiwa, hakudhurika. Mkubwa wetu akamfokea mbele ya wagonjwa na ndugu zao. Baada ya pale hatukusikia tena kosa wodini, na si kwamba yalikwisha.

Mshukuru hadharani, lakini taja alichofanya: ametenga dawa, amebandika karatasi, ametoa taarifa kabla mteja wa kwanza hajaingia. Usiseme “tuwe waaminifu kama fulani”. Ukisema hivyo umewaita wenzake wezi, na hapo ndipo chuki inapoanzia.

Mfamasia wa Zamu:
Dada, mbona mnazungumza kama insulini imeshatupwa? Insulini nyingi ambazo hazijafunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa muda, mara nyingi wiki kadhaa, ilimradi zisivuke kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Iliyoganda ndiyo haina mjadala, hiyo ni ya kuteketeza. Andikeni kwa msambazaji: aina, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, joto la juu lililofikiwa, na saa ambazo mlango ulikaa wazi. Wao ndio waseme iuzwe au la, na muda wake wa matumizi upunguzwe kiasi gani.

Sasa hebu fikiria, hizo taarifa mmezipata kwa nani? Mngekuta namba ya uongo kwenye daftari, msingekuwa na cha kumwandikia mtu. Mwambie bosi wako kwa lugha ya hela: huyo kijana huenda ndiye aliyeuokoa mzigo.

Mzee wa Vifungu:
Kuhusu kukata mshahara, bosi asome kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Kwa hasara kama hiyo lazima kosa liwe la mfanyakazi kweli, apewe nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara halisi, na yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Na hapa hasara yenyewe bado haijajulikana, anakata nini?

Bado Sijaelewa:
Mimi nitaonekana mbaya. Ni mara ya kwanza? Maana kuna watu wamegundua kwamba ukiwahi kusema “samahani bosi” hakuna anayekuuliza tena. Nilikuwa na dereva wa hivyo, anakiri vizuri mpaka unamwonea huruma, na kesho gari limekwanguliwa tena.

DadaWaStoo:
@Bado Sijaelewa swali zuri. Kwenye friji ni mara ya kwanza. Halafu friji lenyewe limejaa kupita kiasi, nilishaomba la pili tangu mwaka jana.

Bado Sijaelewa:
Basi hapo nimenyamaza. Ombi la friji liandike upya, safari hii lina ushahidi.

Kuli Msomi:
Naongea kama mtu ambaye yalinikuta, niliwahi kukiri kosa langu la tenki kazini. Nilishukuriwa vizuri tu, makofi nikapigiwa. Shida ilikuja baadaye, kila utani ofisini ni “muulize yule wa tenki”. Dada, ukishamshukuru, funga hiyo stori. Na zamu ya kufunga mrudishie mapema. Ukimnyang'anya funguo “apumzike kidogo”, asante yako yote imekwenda na maji.

Mama Wawili:
Kwani Mei Mosi si ipo? Pelekeni jina lake, apate cheti cha mfanyakazi hodari.

Nesi Mstaafu:
Cheti sawa, lakini asante ya miezi ijayo itakuwa imeshapoa. Aanze kuipata kesho.

DadaWaStoo:
Mrejesho. Leo kwenye kikao cha asubuhi nimetaja yale matatu ya Nesi, basi, tukaendelea na oda za Geita. Funguo anazo yeye usiku huu. Bosi bado kanuna, ila amekubali kusubiri jibu la msambazaji kabla ya kuongelea makato, na hoja ya “ameuokoa mzigo” ilimfanya aombe kuliona daftari. Friji la pili amesema “tutaona”.

Nataka pia kumwekea barua kwenye faili lake. @Mzee wa Vifungu, kosa nilitaje humo au niliache?

Mzee wa Vifungu:
Litaje kwa sentensi moja, na tarehe, kisha hatua alizochukua. Ukiliacha, siku bosi akibadilika anaweza kuandika lake peke yake na hiyo ndiyo itakayosomwa. Weka sahihi na muhuri wa duka, na nakala moja akae nayo kijana mwenyewe.